Mtemi wa Mashineni na Wakala Wake

Juu ya mlango wa duka la Festo Mageni la vipuri vya baiskeli, pale Kagongwa upande wa mashine za kukoboa mpunga, yameandikwa kwa rangi nyekundu maneno haya: KIONGOZI HAMWACHI MTU WAKE. Aliyaandikisha mwenyewe mara tu baada ya kuchaguliwa kuwa mtemi, yaani mkuu, wa sungusungu, walinzi wa jadi wa Mtaa wa Mashineni. Fundi alikosea kupima ukuta, hivyo neno la mwisho limebanwa pembeni mpaka halisomeki vizuri. Festo hakudai lirekebishwe. Alisema kinachohitajika ni kanuni, siyo nafasi.

Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti iliyofaa mikutano. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, na kanisani alikaa benchi la mbele. Nayasema haya mapema ili msomaji asimtafute shetani mahali ambapo hayupo. Festo alikuwa mtu mwema wa kawaida, ila alipenda kuonekana mwema kuliko kawaida.

Sungusungu wa mtaa ule wana utaratibu wao. Mtuhumiwa huwekwa katikati ya mkutano, kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, akiwa amevua viatu. Mashahidi wakishasema, mtemi hunyanyua fimbo yake na kuuliza kwa sauti, "Nani anasimama naye?" Mwenye jambo la kumtetea hutoka, huvua viatu, husimama ubavuni mwake na kusema anachokijua. Ikibainika amedanganya, adhabu wanagawana. Asipotoka mtu, hukumu inapita, na mtuhumiwa haruhusiwi tena kufungua mdomo. Hata mtemi anaweza kusimama na mtu, lakini kwanza lazima amkabidhi kamanda fimbo, na fimbo ikishatoka mkononi hairudi mpaka uchaguzi mwingine. Katika kumbukumbu za mtaa hakuna mtemi aliyewahi kuikabidhi.

Sasa, mkasa wenyewe ulianzia kwenye banda la gemu.

Banda lilikuwa la Blessing, binti aliyewahi kufanya kazi stoo za wachimbaji huko Kalangalala, Geita, akarudi na runinga mbili kubwa na mashine za kuchezea. Vijana wa kubeba magunia walikuwa wakikaa humo mchana kutwa huku mpunga wa watu ukisubiri. Mkutano ukaamua banda lifungwe saa za kazi, na Festo akatumwa kulifunga. Alikwenda na fimbo na filimbi.

"Blessing, nimekuja kufunga," alisema.

"Shikamoo mtemi."

"Marahaba. Zima hiyo."

"Nitazima. Ila mtemi, utaenda kuwaambia watu umefunga kitu gani? Umekijua?"

Festo akaona ni hoja. Kiongozi hafungi kitu asichokichunguza. Akaketi kwenye benchi, akaweka fimbo kati ya magoti, akasema aonyeshwe ili achunguze. Uchunguzi ule uliendelea mwezi mzima. Banda halikufungwa kabisa. Badala yake ilitoka amri kwamba vijana wasikae humo saa za kazi, na hivyo mtemi akapata benchi zima peke yake.

Gemu iliyomteka ilihusu meli inayosafiri kati ya nyota. Meli iliitwa Alfajiri, na mchezaji ndiye nahodha wake. Nje huko angani kuna dola la maadui ambalo linawinda meli za watu. Nahodha anamchagua askari wake mwaminifu kuliko wote, mwanamke anayeitwa Seya, na kumpa kazi ya kujifanya msaliti ili ajiunge na maadui na kuleta siri zao. Hakuna anayejua mpango huo isipokuwa nahodha na Seya. Basi mabaharia wanamkamata Seya akiwa na barua za maadui, wanataka kumtupa nje ya meli afie kwenye giza la anga, na nahodha anapewa vitufe viwili achague. Kimoja ni kunyamaza: siri inalindwa, Seya anatupwa, nahodha anabaki na cheo chake. Cha pili ni kusema ukweli: Seya anapona, lakini nahodha anavuliwa nishani na kurudi kuwa baharia wa kawaida.

Yote haya Blessing alikuwa akimtafsiria, kwa sababu gemu ilizungumza Kiingereza.

"Bonyeza hapa kunyamaza, hapa kusema," alimwambia. "Wengi wananyamaza. Ukinyamaza gemu inaendelea vizuri, unapewa na meli kubwa."

"Wengi ni watoto," alisema Festo. Akabonyeza kusema bila kupepesa macho. Akamwona nahodha wake akivuliwa nishani, akamwona Seya akisimama ubavuni mwake, na muziki ukapanda.

"Mtemi, unalia?"

"Pumba hizo za mashine. Zinaingia machoni."

Akaicheza tena sehemu ileile, akachagua vilevile, na pumba zikaingia machoni vilevile. Watu wakawa wanakuja dirishani kumtazama mtemi akiacha cheo na kumpigia makofi. Aliacha cheo mara nyingi sana katika banda lile. Sijui kiongozi mwingine katika wilaya aliyeng'atuka mara nyingi kiasi hicho.

Nyumbani, mkewe Martina alianza kulalamika. Akimwambia chakula tayari, alijibiwa, "Nimekupata." Akimuuliza anakwenda wapi, alijibiwa kwamba taarifa hiyo inatolewa kwa wanaostahili.

Wakati huohuo mtaa ulikuwa na shida ya kweli. Mchele ulikuwa unapungua maghalani. Magunia yalionekana mazima, kamba haijaguswa, lakini yakipimwa yanakuwa mepesi. Kila mtu mashineni alijua maana yake. Kuna mtu anapita na bambo, kile chuma chenye uwazi ambacho wanunuzi huchomeka kwenye gunia kutoa punje za kuangalia ubora. Ukichomeka bambo mara moja unaangalia mchele, ukichomeka kutwa nzima kwenye magunia ya watu unajenga nyumba. Wakulima walioleta mpunga kutoka vijijini walianza kuupeleka mashine za Nyasubi, Kahama mjini.

Kazi ilihitaji kamanda kuweka watu wawili wenye macho mlangoni mwa ghala, basi. Abel, ambaye ndiye kamanda, alisema hivyo kwenye kikao. Festo alimsikiliza kwa tabasamu la mtu aliyewahi kuongoza meli kati ya nyota.

Akamwita Dominiko dukani.

Dominiko alikuwa mbeba magunia, mtoto pekee wa mjane mmoja mzee, Bibi Limi. Ukipigwa mwano, ile kelele ya kuwaita watu wakati wa hatari, alikuwa wa kwanza kutoka, pengine na kiatu kimoja. Katika doria hakuwahi kukosekana. Hakuwa na maneno mengi wala maswali mengi, na viongozi wa aina ya Festo huwapenda sana watu wa namna hiyo.

"Dominiko, unaweza kutunza siri?"

"Siri gani, mtemi?"

"Ukishauliza umeshindwa."

"Basi sijauliza."

"Vizuri. Kuanzia leo utajifanya umetuasi. Doria utachelewa. Utakaa na wale vijana tunaowashuku, utakula nao, utashika bambo kama wao. Ukijua mchele unapelekwa wapi na nani mkubwa wao, unaniletea. Mimi tu. Mkeo asijue. Mama asijue. Kamanda asijue."

"Kamanda naye?"

"Kamanda hasa. Na utanitukana mbele za watu."

Dominiko akacheka, akaona mwenzake hacheki. "Kukutukana wewe? Mtemi, mama atanichapa."

"Ndiyo kazi yenyewe. Jina lako la kazi ni Kunguru. Mimi ni Nahodha."

"Na wakinikamata hawa wa kwetu?"

Festo akamwonyesha kwa kidole juu ya mlango. "Umesoma pale?"

"Nimesoma."

"Nitasimama mimi. Lakini mpaka niseme mimi, wewe hujui lolote. Hata wakikuweka katikati. Apa."

Dominiko akaapa kwa jina la mama yake. Kisha akasema, "Wabeja, mtemi," yaani akashukuru, kwa sababu alidhani amepewa heshima.

Siku iliyofuata, mbele ya mashine, Dominiko alimtukana mtemi. Alisimama, akakohoa, akasema, "Wewe mtemi, wewe... wewe ni mnene!" Watu wakacheka mpaka pumba zikaruka. Baadaye Festo alimkemea kwa siri, "Ulitakiwa kuniita dhalimu. Nani alikwambia mambo ya unene?" Dominiko akaomba radhi, akasema neno jingine halikumjia.

Waliwekeana pia maneno ya kutambuana. Anayeleta taarifa atauliza kama pampu ina upepo. Huu ni upuuzi, kwa kuwa duka lilikuwa la vipuri vya baiskeli na watu huja kuuliza pampu. Marwa, muuza maziwa, akasukuma baiskeli yake mpaka mlangoni akauliza, "Mzee, pampu ina upepo?"

Festo akatazama kushoto na kulia, akamvuta ndani kwa shati. "Toa ripoti, wakala."

"Ripoti gani? Tairi la nyuma."

"Nyuma kuna nini? Wangapi?"

"Nyuma kuna dumu la maziwa na tairi lililoisha upepo, baba. Umelala vibaya?"

Marwa aliisimulia habari hii kila alipopeleka maziwa, na mtaa ukaanza kusema mtemi ana malaria imepanda kichwani. Festo alijua wanacheka. Kitu alichokiogopa kuliko wezi, kuliko kifo, ni kuchekwa. Siku ileile aliapa moyoni kwamba hakuna atakayejua mpango ule ulitoka kwenye banda la Blessing. Hapo ndipo Dominiko alipopotea, ingawa wakati huo alikuwa bado anatembea huru.

Maana Abel hakusubiri meli za angani. Aliweka watu wake wawili wenye macho mlangoni mwa ghala, kama alivyosema, nao wakamkuta Dominiko na bambo mkononi na mfuko wa mchele begani. Wenzake walikimbia. Yeye hakukimbia, kwa kuwa hakuona sababu.

Jumamosi mkutano ukajaa. Dominiko akawekwa katikati, viatu amevivua. Mkewe Monika alisimama na wanawake, mtoto wao Goodness mgongoni. Bibi Limi aliletewa kigoda. Abel akainua bambo juu watu walione.

"Mtu huyu hapa. Bambo hili hapa. Mchele huu hapa," alisema. "Amekuwa akichelewa doria. Amemtukana mtemi, wote tulisikia. Dominiko, una la kusema?"

"Sina," alisema Dominiko.

"Nani alikutuma?"

"Sijui lolote."

"Mwanangu," aliita Bibi Limi kutoka kwenye kigoda, "sema basi hata uongo!"

Watu waliguna. Dominiko akamtazama mama yake, kisha akamtazama mtemi, na Dominiko mwenyewe alikuwa na uso wa mtu anayesubiri chai iletwe. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua kinachofuata.

Festo akasimama. Akanyanyua fimbo. "Nani anasimama naye?"

Mashine zilikuwa zimezimwa. Mtu pekee aliyejua jambo la kumtetea Dominiko ndiye aliyekuwa anauliza swali. Alichotakiwa kufanya ni kumpa Abel fimbo, kuvua viatu, na kutembea hatua chache. Jambo hilohilo alikuwa amelifanya kwa kidole gumba tena na tena, machozi yakimtoka.

Lakini angesema nini? Kwamba alimdanganya kamanda? Kwamba alimtuma mtu wa watu bila kikao? Wangemuuliza wazo alilipata wapi, naye angelazimika kusema: kwenye gemu. Aliona kwa macho ya mawazo Marwa akiipeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba pamoja na maziwa. Aliwaona wazee wakishika matumbo. Na uchaguzi wa mtemi wa kata nzima ulikuwa umekaribia.

Utaratibu unataka swali lirudiwe. Akalirudia, kwa sauti nzuri kuliko mara ya kwanza. "Nani anasimama naye?"

Dominiko akamkonyeza. Wote waliona, na wote wakasema: tazama dharau hiyo.

Hakusimama mtu. Hukumu ikapita: kutengwa. Asiuziwe, asinunuliwe kwake, mpunga wake usikobolewe, asisalimiwe wala asiitikiwe. Mwano ukipigwa nyumbani kwake mtu asitoke. Akifiwa, mtu asiende. Mpaka mkutano wenyewe utakapomsamehe.

Mtu mnyoofu angekosa usingizi. Festo alipata maelezo. Alijiambia kwamba hukumu ile ilikuwa sehemu ya mpango, kwa kuwa sasa wezi wasingemshuku tena Dominiko. Kweli hawakumshuku. Walimkumbatia kama ndugu, wakamwonyesha mambo waliyomficha mwanzoni. Festo akapokea taarifa nzuri kupita kiasi, zikiletwa kwa vikaratasi chini ya mlango, na akajisifu moyoni kwamba mpango umefaulu kuliko alivyoupanga. Kwamba mtu mmoja alikuwa anakula mpunga uliotwangwa kwenye kinu kwa sababu mashine zimemkataa, hilo aliliita ugumu wa kazi.

Kisha Bibi Limi akafa. Uzee, alisema mganga wa zahanati. Majirani walisema uzee na aibu, ila walisemea ndani, kwa kuwa hawakuruhusiwa kwenda.

Asubuhi Monika alikuja mpaka barabarani mbele ya duka. Mtengwa na watu wa nyumba yake hawaruhusiwi kusema na mtu wala mtu kuwajibu, hivyo alisimama mbele ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akaiambia baiskeli.

"Wewe baiskeli," alisema. "Mwambie mwenye duka kwamba mama mkwe wangu amefariki. Mume wangu amenituma nimwambie mtemi peke yake. Amesema mtemi akijua tu, inatosha, atajua la kufanya. Mimi sijui ana maana gani. Baiskeli, wewe unajua?"

Festo akachukua pampu, akaanza kujaza upepo tairi la baiskeli ileile. Tairi lilikuwa limejaa tayari. Aliendelea kupiga pampu, kichwa chini, mpaka mpira ukapasuka kwa kishindo. Alipoinua kichwa, Monika alikuwa ameshaondoka.

Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa hashiki jembe. Hukaa, hushikwa mikono, hulia. Siku ile Dominiko alilichimba kaburi la mama yake mwenyewe, yeye na shemeji zake wawili waliofika kutoka Ushirombo. Katekista alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka, maana Kanisa halikumtenga. Lakini wanajumuiya wa kanisa walikuwa ndio walewale wanasungusungu, na wanasungusungu walikaa majumbani, milango imerudishwa, wakisikiliza jembe likigonga ardhi kavu. Mpaka jeneza linateremshwa, Dominiko alikuwa akiinua macho na kutazama njia inayotoka dukani.

Haikupita muda, taarifa zikakamilika. Mchele ulikuwa unapelekwa kwenye chumba nyuma ya karakana iliyofungwa, na mkubwa wao alikuwa msimamizi wa ghala, mtu aliyekuwa akilia kuliko wote kwamba anaibiwa. Festo akawaongoza sungusungu moja kwa moja mpaka kwenye chumba kile. Akavunja mlango kwa teke, ingawa haukuwa umefungwa. Mchele ukakutwa, watu wakakamatwa, wakakabidhiwa polisi.

Mkutano uliofuata ulikuwa sherehe. Wanawake walipiga vigelegele, na wazee wakapendekeza palepale kwamba mtu wa namna hii ndiye anayefaa kuwa mtemi wa kata. Abel, ambaye hakuwa mtu wa wivu, akauliza kwa sauti ya heshima, "Mtemi, tufundishe. Ulijuaje?"

Dominiko alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mahali ambapo mtengwa anaruhusiwa kufika. Viatu alikuwa ameshavivua, amevishika mkononi, tayari kuitwa.

Festo alimwona. Akasafisha koo.

"Uongozi una vyanzo vyake," alisema.

Watu wakapiga makofi. Abel akageuka, akamwona mtu aliyeshika viatu. "Mtengwa huyo anafanya nini hapa? Wezi wamemtaja kuwa mwenzao, bado ana uso wa kuja?" Filimbi zikapigwa, vijana wakamfukuza. Waliomtaja hawakusema uongo, ndivyo walivyomjua. Festo aliitazama fimbo yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake.

Wiki ileile Monika alipakia vyombo kwenye guta la magurudumu matatu. Wakahamia kwao Monika, Ushirombo.

Festo alirudi bandani kwa Blessing mara moja tu. Alisema anataka kupumzisha akili.

"Niweke ile sehemu yako?" aliuliza Blessing. "Ile ya kusimama na Seya?"

"Weka yoyote."

Blessing hakuwasha. "Mtemi, mimi nimekutafsiria gemu ile neno kwa neno. Halafu nikakaa mkutanoni, nikamwona Dominiko anakukonyeza. Unadhani sijui kuunganisha?"

"Punguza sauti."

"Mbona humu ndani ulikuwa unabonyeza haraka hivyo?"

"Humu ndani," alisema Festo, akatafuta maneno, "humu ndani watu walikuwa wanapiga makofi."

"Na kule?"

"Kule wangecheka."

Blessing alimtazama mpaka mtemi akaondoka. Kisha alifanya jambo ambalo nahodha hakulitarajia: alisema. Alimwambia Martina, Martina akamwambia dada yake, na Marwa akamalizia kwa maziwa. Leo mtaa mzima unajua kwamba operesheni ya mchele ilitoka kwenye runinga ya banda la gemu. Wanacheka kweli, chini kwa chini, kila mtemi akipita. Alimuuza mtu ili asichekwe, na sasa anachekwa vilevile. Lakini hakuna aliyelipeleka jambo hilo mkutanoni, kwa sababu kulingana na utaratibu lazima asimame mwenye kujua, na mwenye kujua anayeruhusiwa kusema ni mmoja, Festo mwenyewe. Wengine wote wamesikia tu. Watu wa mtaa ule wamejifunza haraka kuheshimu utaratibu pale unapowaruhusu kukaa.

Mwaka jana, baada ya kushinda uchaguzi wa kata, Festo alipanda basi hadi Ushirombo. Alimkuta Dominiko shambani kwa wakwe zake, anapalilia mihogo. Monika alimpa mgeni maji, akaingia ndani.

"Mwangaluka, mtemi," alisema Dominiko, akisalimia kwa Kisukuma kama zamani, na akainama kama zamani.

"Mwangaluka. Hujambo?"

"Mhola tu. Poleni na kazi."

"Nimekuja kukupa pongezi," alisema Festo. "Kazi uliyoifanya ni kubwa. Mimi mwenyewe najua."

"Asante. Umeshasema?"

"Nini?"

"Mkutanoni. Umeshasema?"

Festo akapangusa uso. "Bado. Natafuta wakati mzuri. Unajua sasa hivi na madaraka haya mapya, jambo kama hili linahitaji..."

"Mama alikufa akiamini mimi ni mwizi," alisema Dominiko. Hakupandisha sauti. "Nilikuapia kwa jina lake, kwa hiyo hata yeye sikumwambia. Nilijua utakuja wewe umwambie."

Dominiko akainua jembe lake, akapima mstari wa mihogo kwa macho.

"Basi kama hujasema, mtemi, mimi bado niko kazini," alisema, akaendelea kupalilia.

Festo akarudi kwa basi la mchana. Maandishi juu ya mlango wake yalipakwa rangi upya mwezi uliofuata, na safari hii fundi alipima vizuri.

Kimya cha Festo kilimgharimu Dominiko nyumba yake, jina lake, na watu wa kumzika mama yake. Fimbo bado anayo Festo.